Historia ya mji wetu wa chumvi inaondoka na wazee: tuanzie wapi hapa Uvinza?

Mjukuu wa Ruchugi ameandika:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na kwa walionizidi umri shikamooni.

Naandika kutoka Uvinza, mkoani Kigoma. Kwa asiyepafahamu, ni mji mdogo wa stesheni kwenye Reli ya Kati, jirani na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, na jina lake lilivuma karne nyingi kabla ya reli kwa sababu ya chemchemi za maji ya chumvi. Burton na Speke walipita njia hii mwaka 1858 wakielekea Ujiji, na wanaakiolojia waliochimba hapa mwaka 1967 walipata vigae vya vyungu vinavyoonyesha kwamba watu walikuwa wakichemsha chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Hayo yameandikwa, na anayeyatafuta atayapata. Yasiyoandikwa ni ya watu wenyewe: ukoo upi ulichemsha chumvi katika chemchemi ipi, akina nani walishuka kutoka Uha au kuvuka kutoka Burundi kuja kutafuta kazi wakaoa na kubaki, soko la zamani lilikuwa upande gani, na makaburi yasiyo na majina ni ya nani.

Kwa bibi yangu mzaa baba kuna sanduku la bati lenye picha za studio, risiti za kodi ya kichwa, kadi ya kipande (ya kuhesabia siku za kazi) ya marehemu babu alipokuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge Tanga, na barua moja ya herufi za Kiarabu ambayo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuisoma. Baba mkubwa anaona huo ni uchafu unaoita mchwa, na amekwisha kutamka kwamba nyumba ikipakwa rangi karatasi zitachomwa. Wakati huohuo mwalimu mmoja wa shule ya msingi ameniomba nimwandikie historia fupi ya mji kwa ajili ya wanafunzi wake. Naomba ushauri: nianze na wazee au na karatasi, vitu hivi vitunzwe vipi, na vikae kwa nani?

Mtunza Majalada (Tabora) amejibu:

Marahaba, mwanangu. Mimi ni mstaafu wa masijala, kwa hiyo ungetegemea nikuambie uanze na karatasi. Anza na bibi, lakini awe ameshika karatasi hizo mkononi. Mzee akiambiwa "nisimulie historia ya mji" hutoa yale anayodhani kijana anataka kuyasikia, yaani Wajerumani, Wabelgiji na Uhuru, na yote hayo utayakuta kwingine. Mpe kadi ya kipande ya mumewe uone. Atakueleza babu yako alipanda treni na nani, aliacha nini nyumbani, fedha alizorudi nazo zilinunua nini, na yupi kati ya wenzake hakurudi. Kadi yenyewe nayo inasema, kwa sababu kipande kilihesabiwa kwa siku 30 za kazi na kila siku iliyofanywa ilitiwa alama. Siku zilizokosa alama ziulizie pia, maana huenda nyuma yake kuna ugonjwa, msiba au utoro. Ikiwa bibi atataja Silabu, ujue anazungumzia ofisi ya kuandikisha vibarua ambayo wenye mashamba ya mkonge waliianzisha mwaka 1944, na hapo utakuwa umepata mwaka ambao safari hiyo haiwezi kuutangulia.

Kuhusu miaka, usimsumbue mzee kwa kumuuliza alizaliwa lini. Muulize alikuwa na kimo gani, au alikuwa amekwisha kuolewa au bado, wakati wa tukio ambalo mwaka wake unajulikana. Kwa mkoa wenu yapo ya kutosha: mvua kubwa za 1961 zilizoandamana na Uhuru, kufutwa kwa uchifu mwaka 1963, Operesheni Kigoma ya 1972 ya kuhamishia watu vijijini pamoja na wakimbizi wa Burundi walioingia mwaka huohuo, kisha Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwa yale aliyoyasikia kwa wazazi wake, una reli kufika Kigoma mwaka 1914, Wabelgiji kuingia mwaka 1916, na Waingereza kukabidhiwa Kigoma mwaka 1921.

Ikiwa upande mmoja wa familia ni Wakatoliki, nenda parokiani kwa adabu uombe kuangaliziwa kitabu cha ubatizo. Watu wengi hutafuta jina, wazazi na msimamizi, wakafunga kitabu. Mwombe katibu asome na maandishi ya pembeni mwa jina, kwa sababu ni utaratibu wa Kanisa kwamba ndoa ya mtu, hata akifungia mbali, taarifa yake irudishwe kwenye kitabu alikobatizwa. Manamba aliyeoa Tanga anaweza kuonekana ameoa Tanga ndani ya kitabu cha huku kwenu, pamoja na jina la mke ambalo familia ilikwisha kulisahau, au iliamua kulisahau.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa inatunza majalada ya enzi ya Wajerumani na Vitabu vya Wilaya, ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika nasaba za watawala, mila na mipaka. Ukivipata visome, ila usivisujudie. Ofisa aliandika alichoambiwa, na aliyekuwa na nafasi ya kukaa naye barazani kwa kawaida alikuwa mtawala au mtu wake, ambaye hakuwa na sababu ya kueleza kwamba chemchemi fulani iliwahi kuwa ya ukoo mwingine.

Sasa utunzaji. Tafadhali usizipeleke karatasi hizo stendi zikafunikwe kwa nailoni ya moto, ile inayoitwa laminesheni. Nimeona vyeti vya enzi ya mkoloni vilivyoharibiwa hivyo na watu wenye nia njema kabisa: joto hufifisha wino wa aina fulani, nailoni haibanduki tena bila kuchana karatasi, na unyevu uliobaki ndani huleta ukungu usioweza kuufuta. Bahasha za karatasi safi zinatosha. Jina la aliye pichani liandikwe nyuma, pembezoni, kwa penseli laini na si kwa kalamu ya wino, ambayo hupenya au kuacha mfinyo upande wa sura. Picha zilizonata kwenye albamu za gundi usizivute. Pitisha uzi mwembamba taratibu kati ya picha na ukurasa, na ikikataa, ipige picha hapohapo ilipo. Sanduku lisigusane na sakafu wala ukuta, nalo lifunguliwe mara kwa mara, kwa maana mchwa hupenda kitu kisichoguswa. Katika hilo baba yako mkubwa ana hoja.

Mama wa Kasulu amejibu:

Mdogo wangu, namuunga mkono Mzee kwa yote aliyoyasema, lakini naona ametuharakisha kidogo. Wewe umetaja kwa wepesi watu "waliovuka kutoka Burundi wakabaki". Katika mkoa wetu sentensi hiyo si nyepesi hata kidogo. Mjukuu wa mtu huyo leo anaweza kuulizwa uraia wake pale anapoomba kitambulisho au anapogombea uongozi wa kijiji, na atakayetaka kumwangusha hatahitaji ushahidi mwingine zaidi ya karatasi yako iliyobandikwa ukutani shuleni. Ndivyo ilivyo pia kwa familia ambazo babu wa babu yao alifika na misafara ya watumwa akabaki kwa bwana wake. Majirani wanajua na hawasemi, na kutosema huko kumewawezesha kuoana na kuzikana. Vilevile shamba: ukiandika kwamba ukoo fulani ndio uliofungua bonde fulani, tegemea kuitwa baraza la ardhi.

Sisemi usiyarekodi. Yarekodi, kisha uwe na daftari mbili. Moja ni ya mji, ya mambo ambayo kila aliyesimulia amekubali yasomwe na mtoto wa jirani. Nyingine ni ya ukoo, na mwenye kusimulia ndiye anayesema ifunguliwe lini na kwa nani. Mwulize swali hilo mwishoni mwa mazungumzo, si mwanzoni, kwa sababu mwanzoni bado hajui atasema nini.

Pia usibaki barazani tu. Wakati wa Operesheni Vijiji watu wengi wa Kigoma walihamishwa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika, na kumbukumbu ya mji imelala kwenye mahame yao. Nenda huko na mzee ambaye bado ana nguvu za kutembea. Michikichi na miembe utakayoikuta imesimama porini ina wenyewe, na mzee akifika chini ya mchikichi fulani atakuonyesha mlango ulikuwa wapi, jiko lilikuwa wapi, na mtoto gani alizikwa upande wa pili. Sisi tulikwenda na mama yangu mdogo, ambaye kwa miaka alikuwa akituambia amesahau kila kitu. Alipofika alianza kutugombeza kwamba tumesimama juu ya ghala la watu.

Fundi Simu amejibu:

Naongeza machache ya kiufundi. Simu ya kawaida inatosha kurekodi sauti, mradi uiweke katika hali ya ndege ili isiite katikati, uilaze juu ya kitambaa karibu na mzee, na usirekodi chini ya bati mvua ikinyesha. Anza kila rekodi kwa kutamka tarehe, mahali na majina ya waliopo. Mwache mzee aongee kwa lugha anayoiota, Kiha au Kivinza, tafsiri itafuata. Ukimlazimisha Kiswahili atafupisha. Picha za nyaraka zipigwe mchana kivulini, bila mwanga wa simu, mbele na nyuma. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama faili na si kama picha, la sivyo zitapunguzwa ubora na maandishi madogo hayatasomeka tena ukizikuza. Nakala ziwe sehemu tatu, mojawapo kwa ndugu anayeishi nje ya Uvinza.

Mjukuu wa Ruchugi ameandika:

Nawashukuru sana. Suala la daftari mbili halikuwa akilini mwangu kabisa, na nimekwisha kumwomba mwalimu anivumilie hadi muhula ujao. Naomba Mzee anisaidie mawili yaliyobaki: ile barua, na baba mkubwa.

Mtunza Majalada (Tabora) amejibu:

Barua, kwanza ipige picha pande zote. Kisha uende Ujiji, ambako huwezi kukosa mzee au sheikh aliyezoea Kiswahili cha kale cha herufi za Kiarabu, maana kujua kusoma Kurani peke yake hakutoshi: waandishi wa zamani waliandika kila mtu kwa namna yake, na herufi moja iliweza kubeba sauti zaidi ya moja. Mwombe aisome kwa sauti mara mbili huku ukimrekodi, na penye neno lenye shaka aseme namna zote linavyoweza kusomeka. Nakala umwachie akitaka, ila barua yenyewe urudi nayo.

Kuhusu baba mkubwa, usibishane naye juu ya thamani ya karatasi. Kamrekodi yeye wa pili baada ya bibi, na umpe picha atambue sura, kwa sababu katika umri wake huenda ndiye pekee anayezijua zile ambazo macho ya bibi hayazioni vizuri tena. Baadaye suala la nani atunze sanduku lipelekwe kwenye kikao cha ukoo, liandikwe kwenye muhtasari pamoja na orodha ya vilivyomo, na wote watie saini. Mlinzi awe mmoja, na ufunguo wa pili ukae kwa mtu wa tumbo jingine, ili siku mmoja akihama au akikasirika kitu kisiondoke naye. Yeye mwenyewe akiteuliwa kuwa mlinzi, msikatae.