Taa, kitetemeshi au mlio mzito: king'ora kipi cha moshi kwa asiyesikia vizuri?

Bahati_M: Habari zenu, ndugu. Mwisho wa mwezi huu nakusudia kumnunulia mama king'ora cha moshi, kwa kuwa hasikii vizuri na kile kilichopo hulia bila yeye kushtuka. Nimeona chenye taa kali inayomweka, chenye kitetemeshi cha kuwekwa chini ya godoro, na chenye mlio mzito. Fedha zinatosha aina moja tu. Mwanishauri nini?

Kimya_Changu: Ndugu Bahati, hujatueleza yaliyo ya msingi. Mama ni kiziwi kabisa, au anasikia kwa kifaa? Analala peke yake? Mlango wa chumba hufungwa usiku? Umeme ukikatika, nyumba inabaki na nini? Mimi ni kiziwi tangu utotoni, na kwangu mlio wowote, uwe mzito au mwembamba, ni sawa na ukuta. Kitetemeshi ndicho kinachoniamsha.

Fundi_Sefu: Kwa asiyesikia vizuri, mimi natetea mlio mzito. Ving'ora vingi vya nyumbani hutoa mlio mwembamba wa takriban hezi 3,000, na sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea masikio yanapozeeka. Watafiti Dorothy Bruck na Ian Thomas wa Australia waliwajaribu watu wenye usikivu hafifu wakiwa usingizini, wakaona kwamba mlio mzito wa hezi 520 uliwaamsha walio wengi, ilhali taa peke yake iliwaamsha wachache. Taa humfaa aliye macho. Aliyejifunika shuka usoni haimpati.

Subira_K: Naomba niseme yaliyonikuta, maana nisingependa yamkute mama wa mtu. Nilinunua kitetemeshi nikakitandika chini ya godoro, nikakijaribu mara moja mchana, kikatikisa kitanda kizima, nikaridhika. Sikujua kwamba hakikuunganishwa na king'ora cha sebuleni. Kilikuwa na kinasa sauti kidogo kinachongoja kusikia king'ora kikilia, ndipo kitetemeke. Usiku mmoja chaja ya simu iliunguza kitambaa cha kochi. King'ora kililia, lakini mlango wangu ulikuwa umefungwa na sauti iliyopenya haikutosha kukiamsha kifaa changu. Aliyeniamsha ni mwanangu wa miaka saba, aliyenivuta mguu huku amejiziba pua kwa gauni lake. Nilikuwa nimekitegemea kile kifaa kisikie kwa niaba yangu, nacho hakikusikia. Tangu siku hiyo sikubali chochote kisichopokea ishara moja kwa moja kutoka king'ora chenyewe, kwa waya au kwa redio.

Kimya_Changu: Pole sana, dada Subira. Ila kosa hilo si la mtetemo, ni la muunganisho.

Mpishi_Mkuu: Kwetu tatizo ni jikoni: ukikaanga kidogo tu, king'ora kinalia, na mzee akatoa betri.

Fundi_Sefu: Kutoa betri ni hatari kubwa, ndugu yangu. Jikoni weka kitambua joto badala ya kitambua moshi. Kwingineko, king'ora kinachotambua moshi kwa mwanga huwahi kuugundua moto unaofuka polepole, kama ule wa kochi la dada Subira. Na kikifika miaka 10, kibadilishwe hata kama bado kinalia.

Bahati_M: Asanteni, nami naomba radhi kwa kuficha mengi. Mama huvua kifaa cha sikio kila usiku na kukitia katika kikopo mezani. Sikio la kushoto bado linasikia kidogo, lakini ndilo analolilalia. Yuko peke yake ghorofani, na umeme hukatika mara kwa mara.

Fundi_Sefu: Hapo kweli mlio mzito unaweza kuzibwa na mto. Hata hivyo sijauacha, kwa sababu watu hugeuka wakiwa usingizini.

Subira_K: Basi mtetemo, tena wenye betri ya akiba, na ujaribiwe naye akiwa amelala, mlango umefungwa.

Kimya_Changu: Bahati, mama mwenyewe umemuuliza? Tumejadili kitanda chake kana kwamba hayupo.

Bahati_M: Nimemuuliza jioni hii. Anasema hataki kitu cha kumtikisa akiwa amelala, anahofia moyo wake. Ameomba taa.