Ushauri wenu: kano ya kisigino inauma, na mashindano ya upondo ya maveterani ni wiki 11 zijazo

Mwalimu wa Nyegezi

Wakuu, salamu kutoka Nyegezi.

Nina miaka 49, nafundisha sekondari, na mchezo wangu ni kuruka kwa upondo, yaani kukimbia na mti mrefu na kujirusha nao juu ya ufito. Najua kwetu riadha ikitajwa watu wanawaza mbio ndefu, lakini huu ndio ulioniteka tangu chuo cha ualimu. Enzi zile tulikata mianzi wenyewe na kuangukia mchanga. Nikaacha zaidi ya miaka 20. Miaka minne iliyopita binamu yangu aliniletea kutoka Dar upondo wa faibaglasi uliotumika, wa mita 3.70, ukaja Mwanza juu ya lori la bidhaa. Tangu siku hiyo nimerudi. Mwaka jana nilivuka mita 2.70, na sijawahi kulala kwa furaha kama usiku ule.

Nimejiandikisha mashindano ya maveterani Nairobi. Maveterani wanaanzia miaka 35 na wanapangwa kwa makundi ya miaka mitano mitano, kwa hiyo mimi niko kundi la 45 hadi 49. Nauli nimeshaweka pembeni.

Shida ilianza wiki saba zilizopita. Nilikuwa nakimbia kupanda kilima nyuma ya shule, mara tatu kwa wiki, nikaongeza ghafla hadi mara tano. Kisigino cha kushoto kikaanza kuuma kwa nyuma, kama vidole vitatu juu ya mfupa. Sasa pana kiuvimbe kigumu. Asubuhi hatua za kwanza kutoka kitandani natembea kama mzee wa miaka 80, baadaye panalegea. Nikikimbia panatulia, kesho yake ni balaa.

Zahanati moja wameniambia nichome sindano pale pale penye maumivu, nitapona kwa wakati. Nimesita. Niendelee na mazoezi? Nipumzike kabisa? Au Nairobi niisahau? Nahitaji mtu aniambie ukweli hata kama unauma.

Kaka Mabatini

Pole sana mwalimu. Kwa umri huo kisigino si cha kuchezea. Pumzika miezi mitatu, usikanyage uwanja.

Dada Fizio

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, siwezi kukupima kwa maandishi, ila maelezo yako yanafanana sana na kano ya kisigino iliyochoka kwa kuzidishiwa mzigo. Kupumzika kabisa kama alivyosema kaka hapo juu kunatuliza maumivu, lakini kano inazidi kudhoofu, ukirudi uwanjani yanaanza upya. Kano inataka mzigo, ila mzigo uliopimwa.

Kwanza lala kifudifudi miguu ikining'inia kitandani, mtu akubane shavu la mguu. Unyayo ukicheza, kano imeshikilia. Usipocheza, acha kusoma hapa nenda hospitali leo, maana huenda imekatika.

Kama iko salama, kuna zoezi ambalo Msweden Håkan Alfredson na wenzake walilichapisha mwaka 1998, na hadi leo tunalitumia. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa nusu ya mbele ya nyayo. Inuka juu ya vidole kwa miguu yote miwili, halafu hamishia uzito kwenye mguu mbovu peke yake na ushuke polepole hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti 3 goti likiwa limenyooka, seti 3 goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Ikizoea, vaa mgongoni begi lenye vitabu na uongeze uzito taratibu.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Mimi huwaambia wagonjwa wajipe alama kutoka 0 hadi 10: ikibaki 5 au chini, na asubuhi inayofuata kisigino hakijawa kibaya kuliko jana, endelea. Asubuhi ndiyo hakimu wako. Raha unayoisikia ukikimbia inakudanganya.

Vilima acha kabisa kwa sasa. Najua Mwanza ukitoka nyumbani tu unapanda au unashuka, lakini tafuta pa tambarare. Na mchanga wa ufukweni usiukimbilie ukidhani ni laini. Kisigino kinazama na kano inavutwa zaidi.

Nina maswali mawili. Unarukia mguu upi? Na miezi ya karibuni umetumia dawa yoyote?

Mwalimu wa Nyegezi

Marahaba dada, Mungu akubariki. Nimebanwa shavu na mke wangu, unyayo unacheza.

Mkono wangu wa juu kwenye upondo ni wa kulia, kwa hiyo naruka kwa mguu wa kushoto. Ndio huo huo mbovu.

Dawa: mwezi uliopita niliambiwa nina taifodi, nikanunua siprofloksasini (antibiotiki), nikamaliza dozi. Inahusianaje?

Mfamasia wa Igoma

Inahusiana sana mwalimu, na nimefurahi dada ameuliza. Siprofloksasini na ndugu zake wanaweza kuathiri kano, hata kuikata, na ya kisigino ndiyo inayopata tabu zaidi. Si lazima itokee ukiwa kwenye dozi. Inaweza kutokea wiki au hata miezi baada ya kuimaliza. Hatari inaongezeka kwa wenye miaka zaidi ya 60, na kwa anayetumia dawa za steroidi, zile za kupunguza uvimbe.

Sasa rudi kwenye ile sindano. Sindano ya kutuliza maumivu ya namna hiyo mara nyingi huwa ni ya steroidi. Kano iliyotoka kwenye sipro juzi, halafu steroidi juu yake, halafu ukimbie uruke na upondo. Mwalimu, nakuomba kwa dhati, usichome. Na siku nyingine ukiugua homa ya matumbo mwambie daktari mapema kwamba una kano mbovu, kuna dawa nyingine za kutibu ugonjwa huo.

Watu wa hapa tunanunua sipro dukani kama tunavyonunua panadol, na karibu hakuna anayeambiwa jambo hili.

Kijana wa Kirumba

Kocha wetu tulipoumia alikuwa anatupeleka ziwani tukimbie ndani ya maji mpaka kifuani. Hakuna uzito mguuni na pumzi inabaki. Jaribu mwalimu.

Mama Luchelele

Mwanangu, wazo la maji ni zuri, ziwa ndilo siliafiki. Kichocho kimejaa kando ya ziwa letu, vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono na kupenya ngozini ukiwa umesimama majini tu. Nimeuguza watoto wawili. Mwalimu atafute bwawa la kuogelea lenye maji yaliyotiwa klorini, hata akilipa kiingilio mara mbili kwa wiki. Kama ameshaingia ziwani mara nyingi, akapime.

Mruka Mstaafu

Nimeusoma uzi wote kabla ya kuandika. Niliruka upondo ujana wangu, baadaye nikafundisha. Dada Fizio na mfamasia wamemaliza habari ya kano. Mimi naulizia jambo ambalo hujaligusa: mwalimu, una kilo ngapi leo, na upondo wako umeandikwa paundi ngapi?

Kila upondo wa faibaglasi una alama ya uzito wa juu wa mtu anayepaswa kuutumia. Wiki saba bila mazoezi ya kawaida, na ugali wetu huu wa sato, mwili unaongezeka bila taarifa. Ukitumia upondo wa mtu mwepesi kuliko wewe, unapinda kupita kiasi na unaweza kuvunjika ukiwa hewani. Na wako umetumika, umesafiri juu ya lori. Upitishe kitambaa laini urefu wote, utafute mikwaruzo na nyufa. Mkwaruzo mmoja uliozama ndipo unapoanzia kuvunjika.

La pili, unaangukia nini? Kwenye mashindano makubwa godoro halipungui unene wa sentimita 80.

Mwalimu wa Nyegezi

Naangukia viroba vya pumba za mpunga, safu tatu, juu nimeweka sponji za makochi ya zamani. Upondo umeandikwa 170. Mzani sina, nitapima kesho.

Mruka Mstaafu

170 ni kama kilo 77. Pima.

Pumba hapa Mwanza ni rahisi kupata, naelewa, lakini viroba vikikaa vinashindiliana vinakuwa kama udongo. Ubaya zaidi ni nafasi kati ya kiroba na kiroba: mguu ukiingia pale, kisigino kinavutwa chini na mwili unaendelea mbele. Kwa kano yako hilo linatisha kuliko kuruka kwenyewe. Hadi upone usiruke kabisa juu ya viroba hivyo.

Bado unayo mengi ya kufanya. Kutembea na upondo na kuushusha kwa mahesabu: kulia, kushoto, mikono juu. Kuning'inia kwenye mti au bomba na kupandisha magoti, maana mabega na tumbo ndivyo vinavyokupitisha juu ya ufito. Dada Fizio akikuruhusu kuruka, anza na hatua 6 tu za mbio, mikono ikishika upondo chini zaidi, upondo usipinde hata kidogo, tua kwenye mchanga. Hatua 6 zinakupa mwendo mdogo, na kano inabeba kidogo kuliko ukija na hatua 14.

Ikitokea umefika Nairobi, hesabu miruko yako kama fedha. Kanuni inakutoa ukikosa mara tatu mfululizo, lakini haikulazimishi kuruka kila kimo. Jipashe moto kwa miruko miwili, ingia kwenye kimo unachokiweza usingizini, ukivuka ruhusu viwili vipite, kisha jaribu tena. Miruko mitano siku nzima inatosha. Wengi wetu tuliumia kwenye mruko wa kumi.

Wa mwisho: vimo unavyovuka sasa si haba. Mmarekani Cornelius Warmerdam alivuka mita 4.77 mwaka 1942 kwa mwanzi, mwanzi kama ule wa chuoni kwenu. Mikono na muda sahihi vinafanya kazi kubwa kuliko upondo mpya.

Mvuvi wa Kayenze

Sisi upondo tunausukumia mtumbwi, leo nimejifunza unarusha mtu juu. Kijijini kwetu mtu akiumia mguu tunamweka nyuma ya mtumbwi ashike kasia, anafanya kazi kwa mikono mpaka mguu ukubali. Karibu jumamosi mwalimu, utapiga kasia hadi uchoke na kisigino hakitajua.

Dada Fizio

Kasia naliunga mkono kabisa, mwalimu avae boya na asishuke majini. Mwalimu, kipimo changu cha kukuruhusu kuruka ni hiki: simama mguu mmoja, shika ukuta kwa kidole tu, inua kisigino juu kabisa uhesabu. Mzuri kwanza, mbovu baadaye. Mbovu ukifikia tisa ya kila kumi za mzuri, na asubuhi tatu mfululizo huamki na ukakamavu, tunaanza hatua 6. Kabla ya hapo, hapana.

Mwalimu wa Nyegezi

Wakuu, nimerudi na majibu.

Nimepima duka la dawa: kilo 83 na nusu. Upondo wangu ni wa kilo 77. Nimekaa nao chini nikaufuta urefu wote, nimekuta mkwaruzo mmoja karibu na pale unapopindia, kucha inashika. Nadhani ni wa lorini. Nimeufunga kwa kitambaa chekundu ili mwanafunzi yeyote asiuguse.

Visigino: mguu wa kulia 24, wa kushoto 11. Wa kumi na moja nililia.

Nimehesabu wiki. Zoezi ni wiki 12, mashindano ni wiki 11, na siku ya kwanza ya kuruka haitakuwa kabla ya wiki ya nane au tisa. Upondo wa uzito wangu sina. Nimewaandikia waandaaji Nairobi kwamba upondo sitaruka mwaka huu, nikawaomba niende kusaidia kupima vimo na kurudisha ufito. Wamekubali. Huko nitaona magodoro ya kweli na kuuliza nani ana upondo wa paundi 190 uliotumika. Mwaka ujao nitakuwa na miaka 50, nitaingia kundi la 50 hadi 54 nikiwa mdogo kuliko wote.

Sindano sikuchoma. Mfamasia, umeniokoa.

Mvuvi wa Kayenze, jumamosi saa 12 asubuhi nipo. Niambie nishukie kituo gani.

Mvuvi wa Kayenze

Panda gari za Kayenze hadi mwisho, mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, uliza mtumbwi wa bluu wenye macho mekundu. Njoo na kofia.