Neno "mui": tupeane uzoefu wa maana zake mbili

Mwenye mada
Jana nilimsikia mtu akifafanua methali "Mui huwa mwema" kwamba mji ulioharibika huweza kutengemaa, nikashtuka. Mui wa methali hiyo ni mtu mwovu, kutokana na mzizi wa kale -wi, uliotuachia pia neno uwi, yaani ubaya. Hata hivyo, sikuweza kumlaumu sana, kwa kuwa Lamu mui ni mji kweli. Naomba waliowahi kukutana na neno hili waeleze lilivyowafika.

Mwana wa Mvita
Neno ni moja tu, lile la uovu. Hilo la mji ni matamshi ya Waamu, ambao maji huyaita mai, jina wakaliita ina, na moja wakaiita moya. Matamshi si neno.

Wa Langoni
Ndugu yangu, hapo umetudhulumu. Utenzi wa Mwana Kupona uliandikwa kwa Kiamu mwaka 1858, wala hakuna anayethubutu kusema kwamba bibi yule alikosea matamshi. Kiunguja kilipochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja nyingine hazikugeuka makosa. Mimi nimelelewa nikisikia mui tangu asubuhi hadi usiku, na hakuna aliyekuwa akimtaja mwovu.

Mwana wa Mvita
Sikusema ni kosa. Nimesema maneno mawili yasihesabiwe kuwa moja lenye maana mbili.

Mjukuu aliyekulia Nairobi
Mabishano yenu yamenirudisha mahali ambapo sikupenda kurudi. Babu yangu mzaa baba aliletwa kwetu Nairobi kutoka Lamu akiwa mgonjwa, na siku zake za mwisho nilikuwa nikimkesha mimi. Wakati huo nilikuwa chuoni nikisoma ushairi wa kale, na neno mui nilikuwa nimelijua kupitia methali hiyohiyo, nikajiona nimelimaliza. Usiku mmoja babu alinishika mkono akasema, "Mui wangu, mui wangu," akarudia mara nyingi huku akinitazama usoni. Nilidhani ananiita mwovu wake. Nilikumbuka miaka yote niliyoahidi kwenda kumwona nisiende, nikaanza kumwomba radhi, naye akawa anatikisa kichwa na kurudia maneno yaleyale, mpaka akanyamaza. Alifariki alfajiri, tukamzika siku hiyohiyo hapohapo Nairobi. Shangazi alipofika kutoka Lamu, nilimsimulia kwa aibu jinsi babu alivyokufa akiwa na hasira nami. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Kwani hukufahamu kuwa alikuwa akitaka kurejeshwa kwao?"

Binti Shela
Nimesoma nikalia. Sina la kuongeza.

Mwalimu wa sarufi
Pole sana. Kwa faida ya wengine, sikilizeni upatanisho: mwovu ni "mui huyu amekuja", mji ni "mui huu umekuja". Mkijizoeza kusikiliza viambishi hamtapotea.

Wa Langoni
Mwalimu, katika "mui wangu" upatanisho ni uleule kwa yote mawili. Kanuni yako isingemsaidia kijana huyu. Dawa ni kumwambia mzee arudie kwa maneno mengine.

Binti Shela
Mgonjwa aliye katika hali ile hahojiwi maneno. Ni heri vijana wapelekwe kwa wazee wao mapema, wazee wakiwa bado na nguvu za kuzungumza.

Mwana wa Mvita
Nami nakiri kwamba nililipima neno hili kwa kamusi peke yake. Mjukuu, niwie radhi.

Mwenye mada
Mimi mtotoni niliambiwa na mwenyeji wa Lamu "Ndoo!", yaani njoo, nikamletea ndoo ya maji. Nilidhani kisa changu ndicho kikubwa.

Mwalimu wa sarufi
Wingi ungeweza kusaidia, kwa maana waovu ni wawi, ilhali wingi wa mji huanza kwa mi-, kama miti.

Mjukuu aliyekulia Nairobi
Ahsante, Mwalimu, lakini babu hakuwa na haja ya wingi. Mui wake ulikuwa mmoja, nami ndiye niliyekuwa na gari mlangoni usiku ule.