Tupeane uzoefu: pikapu ya zamani inayogoma asubuhi

Mama Viazi:
Wakuu, habari za asubuhi. Leo nimesukumwa na vijana wa bodaboda mbele ya soko hapa Makambako, mtu mzima nimekaa kwenye usukani kama bibi harusi, nikasema hapana, acha niulize. Ni Hilux ya dizeli, injini inaitwa 3L (ni jina tu), ile ya lita 2.8. Mchana haina neno. Asubuhi, hasa mwezi huu wa saba, stata inazungusha vizuri tu lakini injini haishiki, inafuka moshi mweupe kama jiko la kuni mbichi. Ikija kushika inatetemeka dakika tano mpaka vioo vinalia, kisha inatulia kama si yenyewe. Fundi wa kwanza kaniuzia betri. Wa pili kabadilisha stata. Wa tatu anataka kushusha pampu ya dizeli. Aliyepitia haya aseme kabla sijauza magunia mengine.

Dereva Mstaafu:
Pampu isiguswe! Wakishaishusha hairudi ilivyokuwa.

Gerezani Kwetu:
Dada, angalia moshi kabla ya kufungua pochi. Stata inazunguka na bomba halitoi chochote? Basi dizeli haifiki: hewa imeingia kwenye mipira, filta imeziba, au ile swichi ya umeme juu ya pampu inayokata mafuta imekufa. Yako inatoa moshi mweupe, maana yake dizeli inafika ila haiungui, chemba ni za baridi. Anza na gloplagi, zile plagi za kupasha moto. Fungua bamba linaloziunganisha, chukua taa ya kupimia, mdomo mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kila plagi. Isiyowasha taa imekufa. Kazi ya robo saa. Zikiwa nzima zote nne, angalia kama umeme unazifikia ukifungua swichi, maana rilei, ile swichi inayozipelekea umeme, nayo hufa.

Chumvi Nyingi:
Maneno mengi ya nini. Nunua ile spreyi ya kuwashia, puliza kwenye eya klina, inawaka hapo hapo. Huna spreyi, washa kitambaa chenye dizeli karibu na mdomo wa hewa.

Gerezani Kwetu:
Huyo msimsikilize. Spreyi ikikutana na gloplagi iliyopata moto inalipuka kabla ya wakati wake. Nimetoa pistoni zilizopasuka kwa ushauri kama huu.

Chumvi Nyingi:
Miaka kumi napuliza na gari lipo.

Gerezani Kwetu:
Lipo wapi, juu ya mawe?

Mtoto wa Lupembe:
Mmenikumbusha mbali. Tulikuwa tunampeleka baba mkubwa kuzikwa Makete, tumetoka Njombe usiku, Hilux ya jirani, injini 2L. Baridi ile ya Makete mnaijua, huhisi masikio. Katikati ya safari watu wakaomba kushuka kujisaidia, dereva akazima gari. Kosa. Kuwasha, wapi. Akasema sukumeni, mbele kuna mteremko. Tukasukuma wanane, wengine na suti za msibani. Dereva akaweka fri, yaani bila gia, ili ichukue kasi kwanza, ndipo aingize gia. Ikachukua kweli. Sasa, kwenye injini zile pampu ya vakyumu, inayolainisha breki, imekaa nyuma ya alteneta. Injini ikiwa imezima, ukikanyaga breki mara mbili tatu tu pedali inakuwa jiwe. Sisi hatukuyajua hayo. Tulichoona ni taa nyekundu zinaishia kwenye kona, na nyuma jeneza pamoja na shangazi aliyekataa kushuka. Tulikimbia gizani tunaita jina la shangazi, mwingine anaita la marehemu. Tukaikuta imeegemea ukingo wa udongo, injini inanguruma, dereva ameshika usukani hataki kuachia. Shangazi kakaa palepale, mkono juu ya jeneza. Akatuambia, "Kaka yangu hakupenda kuchelewa."

Kipandio:
😂😂 Jamani marehemu alifika?

Mpita Njia wa Kitonga:
Mimi nataka habari za shangazi.

Dereva Mstaafu:
Dereva mjinga huyo. Unaweka gia ya pili tangu mwanzo, unakanyaga klachi, kasi ikija unaachia. Hauendi fri na watu nyuma.

Mtoto wa Lupembe:
Mzee, tulikuwa msibani, si chuo cha udereva.

Wa Kinangop:
Sisi huku tulikuwa na Peugeot 504 ya babangu, ya petroli. Ukungu ukishuka haiwaki kabisa. Dawa ilikuwa kufungua kifuniko cha distribyuta, ile inayogawia plagi umeme, na kukipangusa kwa kitambaa kikavu, basi. Ikiwaka kwa kuruka-ruka unachomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Ukichomoa na mngurumo usibadilike, silinda hiyo ndiyo imelala. Ushike na koleo yenye mpira, mimi ilinirusha hadi kwa ng'ombe.

Gerezani Kwetu:
Ya dizeli ni hivyohivyo, ila unalegeza nati ya bomba la nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini, moja moja injini ikitetemeka. Usiweke kidole hapo, dizeli ya presha inapenya ngozi.

Kipandio:
Toa maji chini ya filta pia. Mimi niliwahi kununua ya madumu njiani, nusu ilikuwa maji.

Chumvi Nyingi:
Uza hiyo, nunua gari.

Mama Viazi:
Gari gani itabeba viazi gunia kumi na tano kutoka shamba langu, hiyo yako ya mawe?

Nimempata kijana mwenye taa ya kupimia. Mbili hazikuwasha. Duka hapa wana za volti 12, na hizi zilizotoka zimeandikwa 6V. Muuzaji anasema zote ni sawa, umbo ni moja.

Gerezani Kwetu:
Si sawa! Mfumo wako wa gloplagi ukiwa wa volti 6, hizo za 12 zitabaki vuguvugu na utarudi kulia hapa. Za 6 nazo ukizifunga kwenye mfumo wa 12 zinaungua siku hiyohiyo. Subiri zitumwe kutoka Dar, namba ya plagi iandike kwenye karatasi.

Mama Viazi:
Basi kesho tena bodaboda. Ila wewe Lupembe hujajibu, marehemu alifika?

Mtoto wa Lupembe:
Alifika saa tano asubuhi. Padri alikuwa ameshaondoka.