Gari la pauni 3,000 Uingereza na kodi inayolisubiri Mombasa

SWALI, kutoka Coventry

Ndugu zangu, salaam. Magari yaliyotumika hapa Uingereza yana bei ya kushangaza ukilinganisha na Nairobi au Dar es Salaam. Kwa pauni 3,000 unapata gari dogo linalotembea vizuri. Naomba wanaojua watufafanulie: kwa nini ni rahisi hivyo, gharama nyingine ni zipi, na je, kuna faida kununua hapa, kulitumia, kisha kulipeleka nyumbani? Asanteni.

JIBU, kutoka Luton

Ndugu yangu wa Coventry, bei ya hapa iko chini kwa sababu mbili. Waingereza wengi huchukua gari jipya kwa mkataba wa PCP: unalipa kianzio, unalipa kila mwezi kwa miaka mitatu au minne, kisha unarudisha gari au unalipa fungu kubwa la mwisho. Yanayorudishwa yanamwagika sokoni kwa wingi. Sababu ya pili ndiyo kubwa zaidi: bei ya Nairobi ina kodi ndani yake. Aliyeligomboa gari bandarini aliilipa serikali karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, na fedha hiyo inabaki kwenye bei kila gari linapobadilisha mikono.

Hapa mzigo uko kwenye bima. Gari la pauni 3,000 linaweza kudai bima ya zaidi ya nusu ya bei hiyo kwa mwaka, hasa kwa mgeni. Kampuni huangalia umri wako, mtaa unaoishi, kazi yako na umekaa na leseni ya aina gani kwa muda gani. Miaka yako kumi ya kuendesha Kenya bila ajali mara nyingi haihesabiwi. Ukiulizwa aina ya leseni, jaza ukweli kwamba ni ya nje ya Ulaya. Ukidanganya, siku ya ajali kampuni itafuta bima na utabaki na deni. Vilevile usimwandike shemeji mwenye leseni ya hapa kuwa dereva mkuu wakati gari unaendesha wewe kila siku. Hilo ni udanganyifu kisheria, na kampuni wanaulizia. Tafuta bei wiki tatu hivi kabla ya siku ya kuanza, kwa maana ukinunua siku ileile bei huwa juu. Kulipa kila mwezi ni mkopo wenye riba, basi ukiweza lipa mara moja.

Leseni yenyewe ina saa inayohesabu. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda inakuruhusu kuendesha miezi 12 tangu ulipoanza kuwa mkazi, na haibadilishwi moja kwa moja kama ya Afrika Kusini au Zimbabwe. Chukua leseni ya mwanafunzi mapema (pauni 34 mtandaoni), fanya mtihani wa nadharia (pauni 23), kisha wa barabarani (pauni 62 siku za kazi). Foleni ya mtihani wa barabarani ni ya miezi, na wengi wanaanza kuihangaikia wakiwa wameshamaliza miezi kumi nchini. Miezi 12 ikipita hujafaulu, unarudi kuwa mwanafunzi: kibao cha L, na pembeni yako mtu wa miaka 21 au zaidi aliyekaa na leseni miaka mitatu. Ukiendesha peke yako, bima haikulindi. Faini ya kuendesha bila bima huanzia pauni 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na pointi 6 ndani ya miaka miwili ya kwanza ya leseni ya Uingereza zinaifuta leseni hiyo. Angalia pia unafanya mtihani kwa gari la aina gani: ukifaulu kwa otomatiki, leseni ni ya otomatiki tu.

JIBU, kutoka Leeds

Naongezea upande wa kulikagua gari lenyewe, kwa sababu hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Kabla hujapanda treni kwenda kuliona, chukua namba ya gari uiweke kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT, yaani ukaguzi wa lazima wa gari. Ni bure. Utaona kila ukaguzi wa mwaka, maili zilizosomwa siku hiyo, kilichofeli na kilichoandikwa kama tahadhari. Maili zikipanda na kushuka, achana nalo. Tahadhari ya kutu ikijirudia miaka miwili au mitatu mfululizo, jua kutu hiyo haijaguswa. Barabara za hapa humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula mabomba ya breki, spring na sehemu za chesisi zisizoonekana ukisimama wima. Piga magoti na tochi. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa uvunguni siku chache kabla ya kuuza inapaswa kukutia shaka.

Kisha lipia ukaguzi wa deni na ajali. Unatafuta kama gari linadaiwa na kampuni ya mkopo, kama limeibiwa, au kama bima ililiandika hasara. Kundi S ni gari lililoumia mifupa, yaani fremu inayolishikilia, N ni lililoumia pasipo mifupa. A na B hayapaswi kurudi barabarani kabisa.

Injini ndogo za petroli za kisasa zinahitaji jicho la karibu. Nitaje moja, 1.2 PureTech ya Peugeot na Citroën katika matoleo ambayo mkanda wa taimingi umo ndani ya oili. Safari fupi fupi za mjini huacha petroli ikichanganyika na oili, mkanda unavimba na kumeguka, na vipande vyake vinaziba chujio la pampu ya oili. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, injini imeshaanza kuumia. Injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha kujazia oili umulike ndani: mkanda unaonekana pale pale. Ukiwa na nyufa, nyuzi zinazochomoza pembeni au umetanuka, ondoka. Ford 1.0 EcoBoost za miaka mingi nazo zina mkanda ndani ya oili, kwa hiyo dai risiti ya kubadilishwa.

Ukikubaliana bei, chukua kipande cha kijani cha kadi ya gari, V5C/2. Kina namba ya tarakimu 12 ya kulipia kodi ya barabara siku hiyohiyo. Tangu Oktoba 2014 kodi haihami na gari. Ukiondoka kwa kodi ya muuzaji umeondoka bila kodi. Kwa magari mengi yaliyosajiliwa kuanzia Aprili 2017, kodi ilipanda kuwa pauni 195 kwa mwaka Aprili 2025.

Wa London waangalie ULEZ, eneo linalotoza magari yanayochafua hewa. Tangu Agosti 2023 inashika mitaa yote ya jiji, pauni 12.50 kwa siku kwa gari lisilofikia kiwango. Petroli za baada ya 2005 kwa kawaida zinapita; dizeli kwa kawaida ni zile za baada ya Septemba 2015. Ndiyo maana dizeli ya 2012 inauzwa kwa bei ya kuvutia sana pembezoni mwa London.

SWALI, kutoka Coventry

Asanteni sana, nimeandika yote. Na nikichukua la PCP, nikalitumia miaka miwili, naweza kwenda nalo Kenya?

JIBU, kutoka Slough

Hapana, mpaka ulipe deni lote. V5C, yaani kadi ya gari, itakuwa na jina lako, lakini inaonyesha mtunzaji wa gari, siyo mwenye mali. Mwenye mali ni kampuni ya mkopo, na kulisafirisha bila ruhusa yao ni kuondoka na kisicho chako. Lipa fungu la mwisho, pata barua ya kumaliza deni, ndipo uanze.

Sasa Kenya. Mambo mawili yanalizuia gari kabla hata ya kodi: lazima liwe na usukani wa kulia, na lisizidi miaka minane. Magari ya hapa yanapita usukani bila shida. Kwa umri, 2026 inaruhusu lililosajiliwa mara ya kwanza kuanzia 2019. Kila Januari mosi mwaka mmoja unakatwa. Gari la 2019 likichelewa baharini likatia nanga Januari 2027, limepotea. Kwa hiyo usisafirishe gari la mwaka wa mwisho baada ya Septemba. Cheti cha ukaguzi nacho kipatikane huku kabla ya meli.

Kodi haipigwi kwenye bei uliyonunulia. Hili naomba lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo linalowavunja watu moyo bandarini. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wana orodha ya bei za magari mapya, CRSP. Wanachukua bei ya modeli yako, wanapunguza uchakavu kwa umri, kisha wanarudi nyuma kwa kuondoa kodi zilizomo kwenye bei hiyo ili kupata thamani ya forodha. Risiti yako ya pauni 3,000 haiwashughulishi.

Tuseme thamani hiyo imetoka shilingi 1,000,000, injini ya petroli zaidi ya 1500cc lakini isiyozidi 2500cc. Ushuru wa forodha asilimia 35 ni 350,000. Ushuru wa bidhaa asilimia 25 ya 1,350,000 ni 337,500. VAT asilimia 16 ya 1,687,500 ni 270,000. Ada ya IDF (fomu ya tamko la uagizaji) asilimia 2.5 ya thamani ni 25,000, na tozo ya reli asilimia 2 ni 20,000. Jumla 1,002,500. Injini isiyozidi 1500cc ushuru wa bidhaa ni asilimia 20, na jumla inashuka hadi 924,200. Hapo hujalipa meli, wakala wa forodha, bandari na namba.

Njia yenye faida ya kweli ni ya mkazi anayerudi nyumbani moja kwa moja. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inatoa msamaha wa gari moja kwa mtu aliyefikisha miaka 18, ambaye hajawahi kupewa msamaha huo, na aliyelimiliki na kulitumia gari nje kwa miezi 12 au zaidi, bila kuhesabu siku za baharini. Kenya inataka uwe umeishi nje miaka miwili, na matembezi yako nyumbani katika kipindi hicho yasizidi siku 90 kwa jumla. Hesabu kila Krismasi na kila msiba. Uingereza haigongi muhuri unapotoka, hivyo tegemea mihuri ya uwanja wa ndege wa JKIA, halafu tunza P60 (karatasi ya mwaka ya mshahara na kodi), mkataba wa nyumba na bili za baraza la mji. V5C iwe kwa jina lako, siyo la mwenzi wako, na bima ya miezi yote hiyo uwe nayo kwenye karatasi. Umri wa miaka minane unabaki palepale hata kwa msamaha. Na ukimhamishia gari mtu asiye na haki ya msamaha, kodi inadaiwa.

Jambo la mwisho: modeli. Toyota Auris iliyotengenezwa Uingereza siyo sawa na Auris ya Japani iliyojaa Nairobi. Injini zake nyingine fundi wa Kirinyaga Road hana spea zake mkononi. Vauxhall ni tabu zaidi. Honda Jazz petroli ni salama, kwa kuwa ndiyo Honda Fit ya Japani. Redio angalau itashika stesheni zote, tofauti na za Japani.

JIBU, kutoka Reading

Kwa Watanzania hesabu ni tofauti. Tanzania haizuii gari la zamani, inalitoza. Tuseme thamani ya TRA, mamlaka ya kodi ya Tanzania, ni shilingi milioni 10, injini 1500cc. Forodha asilimia 25 ni milioni 2.5, ushuru wa bidhaa asilimia 5 ya milioni 12.5 ni 625,000, na VAT asilimia 18 ya jumla hiyo ni 2,362,500: takriban milioni 5.5, bila ada ndogo za forodha na reli. Gari likiwa na miaka zaidi ya kumi kunaongezeka ushuru wa uchakavu asilimia 30, na jumla inapanda hadi karibu milioni 9.9. Kati ya miaka minane na kumi ni asilimia 15. Kikokotoo cha TRA kiko wazi mtandaoni. Weka modeli, mwaka na cc kabla hujatoa hata pauni moja huku.

JIBU, kutoka Edinburgh

Naomba tusiyatenge haya na siasa, maana asilimia hizo zinapigiwa kura na watu. Kenya, Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake, ya kulipwa kila unapokata bima, kati ya shilingi 5,000 na 100,000. Vijana walijaza barabara, baadhi yao waliuawa, na Juni 26 Rais Ruto akatangaza kutousaini. Desemba mwaka huohuo sheria nyingine ya kodi ikapandisha tozo ya reli kutoka asilimia 1.5 hadi 2. Barabara zilikuwa kimya.

Sisi Wakenya tulio nje tulituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 mwaka 2024, na sauti yetu ni ndogo kupita kiasi. Mwaka 2022 Mkenya aliye nje alipiga kura katika nchi 12 tu, Uingereza ikiwemo, na ni ya rais pekee. Bunge linalopitisha kodi hizi hatulichagui tukiwa huku. Waliojiandikisha dunia nzima walikuwa kumi elfu na kidogo. Idadi hiyo inatuumiza tunapodai vituo zaidi ya London. Anayetaka kupiga kura Agosti 2027 aangalie pasipoti yake sasa. Mtanzania hana hata hiyo: kura ni ndani ya nchi tu.

Kinachowezekana kila mwaka ni maoni kwa Bunge. Muswada wa Fedha hufika mwishoni mwa Aprili, kamati hupokea maandishi kwa barua pepe Mei, na viwango huanza Julai mosi. Andika kifungu unachokipinga, sababu, na maneno unayopendekeza badala yake. Mwenye gari linaloondoka huku Mei naye aichunge tarehe hiyo, kwa kuwa likigombolewa Julai linapigwa viwango vipya.

SWALI, kutoka Coventry

Nimeelewa. La mwisho: naweza kujaza vitu vya nyumbani ndani ya gari?

JIBU, kutoka Slough

Kwa meli za RoRo, usijaze. Gari linaendeshwa kuingia na kutoka melini, funguo ziko mikononi mwa wengi, na bima ya baharini kwa kawaida hailipi vilivyomo ndani. Acha tairi la spea, jeki na spana yake tu, ukiviandika na kuvipiga picha. Mafuta yasizidi robo tanki. Kipande cha V5C/4 cha kulitoa gari nchini kabisa kitume DVLA, mamlaka ya leseni na usajili wa magari. Watakurudishia kodi ya barabara ya miezi kamili iliyobaki. Kabla hujatuma, piga nakala ya kadi nzima mbele na nyuma, na uwe na asili ya kurasa nyingine, kwa sababu forodha Mombasa wataiomba.