Naomba ushauri: tunahamia Morogoro, je, fundi cherehani ataweza kuishi katika mji wa vyuo?

Mama Watatu (mwanzilishi wa uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mume wangu amepata ajira ya kufundisha Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), na inatupasa kuhama Dar es Salaam kabla vyuo havijafunguliwa. Mimi ni fundi cherehani, wateja wangu wa miaka mingi wako huku Tabata, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Morogoro nimeipita kwa basi tu, nikaishia kuiona stendi ya Msamvu na milima ya Uluguru kupitia dirishani. Naomba kujua tupange upande gani, na kama kazi ya ushonaji hubaki hai wanafunzi wanapokwenda likizo. Wapo wanaonishauri nibaki Dar, mume awe anakuja kila mwisho wa juma kwa treni ya SGR.

Mwenyeji wa Kilakala

Karibu Mji Kasoro Bahari, dada yangu. Usiuchukulie kuwa mji wa chuo kimoja. SUA ina kampasi kuu chini ya milima na nyingine Mazimbu, mahali palipokuwa na shule ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini, yaani ANC, hadi walipoikabidhi kwa serikali yetu mwaka 1992. Chuo Kikuu cha Waislamu kiko Msamvu, na kipo pia cha Jordan. Mzumbe iko mbali, barabara ya Iringa, na wanafunzi wake wengi wasiopata bweni hupanga kijijini Changarawe, kwa hiyo usiwahesabu kuwa wateja wa mjini.

Kuhusu nyumba, jambo la kwanza ni maji. Mji unategemea sana bwawa la Mindu, na ipo mitaa ambayo bomba hukaa siku kadhaa bila kutoa tone. Kabla hujalipa kodi, fika mwenyewe alfajiri, saa kumi na mbili, uangalie kama kuna madumu yaliyopangwa foleni kwenye kisima cha jirani, kisha uwaulize akina mama waliosimama hapo maji hutoka siku gani. Dalali hatakwambia.

Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Shikamoo mama. Naomba niwe mkweli: sisi ni wateja wa msimu. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia, wauza chipsi na mafundi wa mtaa wa Mafiga hawapati nafasi ya kukaa chini, lakini baada ya wiki chache tunachangia unga na dagaa chumbani, na hakuna anayewaza nguo mpya. Kazi isiyokatika kwetu ni kupunguza suruali, kubadilisha zipu, na makoti meupe ya maabara na ovaroli kwa wenzetu wanaosomea udaktari wa mifugo. Mahafali yanapokaribia, dada zetu huhangaika kutafuta fundi anayetimiza siku aliyoahidi, na wengine huishia kushonesha Dar. Ukiwa mtu wa ahadi, jina lako litaenea mabwenini kwa muhula mmoja.

Muuza Vitambaa, Kihonda

Kijana amesema kweli kuhusu wanafunzi, ila sikubaliani na mazungumzo yanayouweka mji mzima juu ya vyuo. Wateja wangu wakubwa ni watumishi, walimu wa sekondari, na wakulima waliouza mazao. Hawa wana harusi na vipaimara mwaka mzima. Mwezi Agosti, vyuo vingi vikiwa likizo, maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Mashariki hufanyika hapa hapa na nyumba za wageni hujaa. Mimi ninachokihofia ni masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za ndani zinapogeuka tope na mteja akaahirisha kila kitu.

Chakula hakitakusumbua. Nenda soko la Chifu Kingalu asubuhi, utakuta karoti na kabichi za Mgeta, na ndizi zilizoteremshwa kutoka mlimani kichwani mwa akina mama wa Kiluguru.

Ama treni, ni kweli kwamba tangu Juni 2024 safari imekuwa chini ya saa mbili. Nakusihi uitumie kufuata vitambaa Kariakoo na kuwapelekea wateja wa Tabata mishono yao mara moja kwa mwezi, badala ya kuitenganisha familia na kulipa kodi ya nyumba mbili.

Mama Watatu

Nawashukuru sana, wazo la kuwahudumia wateja wa Tabata kwa treni halikuwa limenijia kabisa. Je, nifungue Mafiga au mjini karibu na soko?

Mwenyeji wa Kilakala

Anza na meza barazani kwa fundi mwenzako pale sokoni, dada, ili watumishi na wenyeji wakufahamu, na huko Mafiga utafute mwenye duka wa kukupokelea nguo za kurekebisha. Fremu yako uikodi baada ya masika ya kwanza, ukishaona ni wateja gani wanarudi. Mwenye fremu akidai kodi ya mwaka mzima, omba ya miezi sita, wengi hukubali.