Mjadala: Mababu wa miaka 700 iliyopita walikula vizuri kuliko sisi?

Mleta mada

Wakuu, siku hizi kila anayeambiwa ana kisukari au presha hupewa ushauri uleule: rudi kwenye vyakula vya mababu. Naomba tuibane kauli hiyo. Mababu wa lini? Ukirudi miaka 700 nyuma hukuti ugali wa mahindi, wala muhogo, nyanya, karanga au haya maharage mekundu. Vyote asili yake ni Amerika, vikafika huku baada ya Wareno kuanza kupita pwani yetu. Vilivyokuwepo ni mtama, uwele, kunde, nazi na samaki. Kisiwani Pemba wanaakiolojia walichambua punje zilizoungua ardhini: Tumbe, makazi ya zamani zaidi, uwele ndio uliotawala, Chwaka, mji wa karne ya 11 hadi ya 15, mchele umeshika nafasi.

Tena shahidi tunaye. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipita pwani hii mwaka 1331. Mogadishu alipakuliwa wali wa samli na michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni kulikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Kisha akaandika jambo ambalo wapenzi wa vyakula vya asili hawalitaji kamwe: mtu mmoja wa pale hula chakula cha kundi zima la watu wa kwao, na watu hao wa Mogadishu ni wanene mno, wenye miili mikubwa. Hapo hakuna soda wala chipsi mayai! Mombasa alikuta hali nyingine, ndizi na samaki, na nafaka ya kuletewa. (Alikuta na zambarau pia, akazisifia utamu.)

Kwangu mimi, kabla ya kuuliza enzi, tuulize nani alikuwa anakula. Uingereza ya zama za kati, kumbukumbu za watawa wa Westminster Abbey za karibu mwaka 1500 zinaonyesha mgao wa zaidi ya kalori 6,000 kwa mtu kwa siku ya kawaida. Hawakuumaliza wote, mabaki yalikwenda kwa maskini, lakini mifupa iliyofukuliwa kwenye nyumba za watawa London ina uti wa mgongo ulioota mifupa na kugandamana, hali ambayo madaktari huihusisha na unene na kisukari. Mkulima nje ya ukuta alikula mkate wa shayiri na mchuzi mzito wa nafaka, kabichi na vitunguu. Mpe daktari wa leo sahani zote mbili, atachagua ya mkulima. Ila mwaka 1315 mvua iliharibu mazao, na hadi 1317 njaa ilikuwa imezoa watu Ulaya ya kaskazini. Sahani nzuri, ghala tupu.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, Ibn Battuta alikula na wageni wa sultani, shamba hakufika. Kitambi cha 1331 kilikuwa cha wenye nacho. Cha leo kinapatikana kwa chenji ya daladala, na hapo ndipo enzi inapoingia. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake Marekani waliwaweka watu 20 mahali pamoja, wiki mbili kwa vyakula vya kiwandani, wiki mbili kwa vya kupika. Milo iliyoandaliwa ilisawazishwa kwa sukari, mafuta, chumvi na nyuzi, kila mtu ale atakavyo. Kwenye vya kiwandani walikula kalori kama 500 zaidi kwa siku. Hakuna sultani aliyekutana na chakula cha namna hiyo.

Mchangiaji wa 2

Bibi yangu alifikisha tisini na kitu kwa mtama na mlenda. Mengine ni maneno ya wasomi.

Mchangiaji wa 3

Ndugu yangu, bibi tunampa shikamoo yake. Lakini aliyefika tisini ndiye tunayemtaja. Waliokufa kabla ya kuota meno hawana wajukuu wa kuwasimulia.

Na "asili" isitudanganye. Kenya mwaka 2004, Makueni, Kitui na jirani zake, watu 125 walikufa kwa mahindi yaliyoota ukungu wa sumukuvu. Hayakutoka kiwandani, mengi yalitoka shambani kwao na kuhifadhiwa nyumbani. Ulaya ya kale walikuwa na yao, ukungu wa rai (rye), nafaka jamaa ya ngano, uliowaozesha watu vidole, wakauita moto wa Mtakatifu Antoni.

Tusisahau na chumvi yenye madini joto. Bila hiyo, tezi la shingo lingekuwa jambo la kawaida bara, hata kwa anayekula mboga za majani kutwa. Halafu tazameni Tanzania: utafiti wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na walioongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayolisha nchi. Ghala limejaa, mtoto anapewa uji wa mahindi mtupu.

Mleta mada

Mchangiaji wa 1, hoja ya kiwanda naichukua, ila inahusu miaka hamsini ya karibuni, haithibitishi kwamba miaka 700 ilikuwa salama. Mchangiaji wa 3, Iringa na Njombe hawakosi chakula, wanakosa mchanganyiko. Kwa hilo Mombasa ya ndizi, samaki na zambarau inawashinda.

Mchangiaji wa 4

Wanaume mmezungumza sahani, hakuna aliyetaja kinu. Uwele na mtama mnaousifia ulikuwa wa kukoboa, kutwanga na kupepeta kila siku, na anayetwanga mnamjua. Mimi natoka kazini saa kumi na mbili jioni. Dukani kwetu unga wa ulezi na wa uwele bei yake iko juu ya sembe, na dona ukichelewa umekwisha. Mleta mada, anza na bei hiyo, halafu tuendelee na Ibn Battuta.